Saumu ya Uongo Kibeta

Kikundi chetu cha kutembelea wazee kilikuwa na Wakatoliki kama mimi, Walutheri na Waislamu. Miaka ile ukimwi ulikuwa umewamaliza vijana wa Bukoba, wazee wakabaki na makaburi migombani. Mimi na mwenzangu, mama wa Kiislamu kutoka Kitendaguro, tulipangiwa bibi mmoja wa Kibeta. Mwanawe wa mwisho alikuwa mvuvi visiwani Muleba. Aliletwa nyumbani mifupa mitupu, akafia mikononi mwa mama yake.

Siku ya kwanza tulimfulia, tukamtekea maji, tukasali kila mtu kwa dini yake. Bibi akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kisha ndizi na maharage. Jamani, nilizitazama zile sahani nikamwona marehemu akila humo. Na semina tulikaa! Tuliambiwa ugonjwa hauambukizwi kwa sahani, tukawa tunawafundisha wengine. Lakini mdomo wangu ukasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu bibi, nimefunga. Ni Kwaresima."

Mwenzangu naye, bila haya: "Mimi nina funga ya sunna ya Jumatatu."

Bibi akafunika chakula. "Haya. Tangu nimzike mwanangu, hakuna aliyekula humu. Mkifungua, mje mle."

Njiani tulicheka, Mungu atusamehe.

Jumatatu iliyofuata akapika tena, tukafunga tena. Pasaka ikapita, mimi nikasingizia nadhiri. Siku hiyo bibi alitutazama sana.

"Mna dini mbili, na hakuna hata moja inayokula kwangu?"

Hakuwa anatania. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani, na maji yalikuwapo tele. Niliona aibu.

Wiki iliyofuata sikunywa hata chai asubuhi. Nilitaka nifike na njaa, nimlie ndizi zake mpaka acheke. Tulipofika tukakuta uwanja umejaa watu na masufuria makubwa mekoni. Bibi alikuwa amefariki Jumapili jioni.

Sahani za msiba hazikutosha, wakazitoa za bibi zote. Zilipita mkono kwa mkono, na hakuna aliyeuliza nani alizitumia. Nami nikapewa moja, ndizi na maharage. Nikala nikamaliza, machozi yananidondokea sahanini, na mwenzangu pembeni yangu anakula na kulia vilevile. Aliyetaka kutuona tukila alikuwa amelazwa chumbani, amefunikwa shuka.