Uvimbe wa tantine, na sombe ya Mama Furaha

Wakuu, nawasalimu toka Mabanga, Goma. Mimi ni musichana wa secondaire, yule anayekaa nyuma darasani, asiyenyoosha mukono ata kama jibu analo. Mambo yangu najiandikiaga peke yangu. Lakini leo furaha imenizidi, acha niwamwagie. Ni kweli tupu, na tantine ameniruhusu.

Tantine Zawadi ni dada mudogo wa papa, tunaishi naye. Siku moja akioga aligusa kauvimbe kwenye titi, kama punje ya maharagi. Hakaumi.

Familia ikasema: karuho!

Karuho ni sumu ya polepole. Huku batu wanaamini adui anakuwekea kwa chakula, halafu inakukula ndani taratibu. Sasa nani anamuletea tantine chakula? Mama Furaha, jirani yetu, na sombe yake tamu, majani ya muhogo ya kutwanga.

Tena huku ukimupa mutu chakula, unaonja wewe kwanza mbele yake. Mama Furaha aliachaga kuonja zamani, juu tulishazoeana. Basi hiyo ikawa ushahidi!

Tonton Asumani, kaka yao mukubwa, ndiye alipiga kelele zaidi, sigara mukononi:

— Yule mama alikuwekea kitu! Kesho tunaenda Ndosho, kuna muzee anatapisha karuho.

Wakuu, nikakumbuka darasani. Wiki ileile mwalimu wa biolojia alikuwa ametufundisha kansa. Seli za mwili zinagawanyika, zikitosha zinasimama. Kansa ni seli zako mwenyewe zilizokataa kusimama. Mimi kichwani niliona chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imejaa makala ya kupikia, inashuka mulima bila freni.

Nikasikia sauti inasema: "Tonton, kansa haiwekwi kwa sombe."

Ilikuwa sauti yangu!

— Ee, docta wetu! Inatoka wapi basi?

Nikafungua mudomo, ukakataa kufunga. Nikasema umri ukisonga hatari inapanda. Kansa ikiwa kwenye ukoo, inapanda. Pombe. Virusi fulani. Na tumbaku.

Wote wakaangalia mukono wa tonton. Akaficha sigara nyuma ya mugongo. Moshi ukatokea juu ya bega! Tantine alicheka mpaka akashika ukuta.

Halafu akaacha kucheka.

— Miye sivuti, sinywi. Kwa hiyo sina?

Hapo nilitamani mwalimu awepo. Nikamwambia sijui. Hivyo vitu vinaongeza hatari tu, haviamui. Kuna wasiovuta wanaipata, kuna wanaovuta wanaikosa. Na si kila uvimbe ni kansa. Lazima uangaliwe, na mapema, juu kama ni kansa, kuijua mapema ndiyo bahati yako.

— Ndosho siendi, akasema. Naenda hospitali. Na wewe ndiye utauliza maswali.

Mimi!

Docta alichoma sindano, akachukua kipande kidogo kwa uvimbe, kikatumwa kupimwa. Tukangoja. Siku zile zilikuwa mbaya, wakuu. Mama Furaha, aliyeona tantine anamuepuka, aliita juu ya uzio: "Zawadi, nimekukosea nini?" Tantine akainama kwenye sufuria. Alikuwa bado anaogopa vyote viwili, kansa na karuho.

Siku ya majibu nilimushika mukono, tukaingia.

— Si kansa, docta akasema. Ni uvimbe wa kawaida. Mutarudi tuuangalie tena.

Nilisahau maswali yote! Kwenye moto, pikipiki ya kuturudisha, tantine aliimba, mimi nikaimba, dereva akalia: "Mama, mutaniangusha kwa mawe!"

Hatukuingia kwetu. Tantine alienda moja kwa moja kwa Mama Furaha, akamusimulia yote, mpaka karuho.  Mama Furaha akapakua sombe, akachukua kijiko ili aonje kwanza.

Tantine akamunyang'anya kile kijiko.

— Acha hiyo. Miye niko na njaa.

Walilia, walicheka, sombe ikaisha. Mimi nilipata ya chini ya sufuria, ile tamu zaidi.

Nilichojifunza: ukigusa kitu kigeni mwilini, usimutafute adui kwa jirani. Tafuta docta. Tonton bado anavuta, lakini akiniona anavuka barabara.

Wakuu, kwenu batu wanasema kansa inatoka wapi? Andikeni hapa chini. Aibu bado ninayo, lakini nitawajibu wote.