Sahani za Jirani, Majani ya Jaja

Idi iliyopita binti yangu alirudi kutoka sokoni Nakasero na katoni ya sahani. Zimetengenezwa kwa majani makavu, akaniambia kwa fahari, ukishakula unazitupa shambani zinaoza, hazichafui mazingira kama plastiki. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, rafiki yangu. Kisha yakafuata machozi mengine, na hayo sikumweleza.

Mimi nimekulia Kyebando wakati wa serikali ya wanajeshi, nyumbani kwa bibi yangu ambaye sote tulimwita Jaja. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba, na kila Idi tulikula juu ya majani yake. Usidhani ilikuwa kazi ya kukata na kutandika tu. Jaja alichagua jani ambalo upepo haujalichana, akachonga uti wake kwa kisu, kisha akalipitisha juu ya moto mpaka likang'aa na kulegea, lisije likapasuka mchuzi ukamwagikia mapajani mwa mgeni. Kazi yangu ilikuwa kuyapangusa kwa kitambaa chenye maji. Pilau ya moto ikishuka pale, jani lilitoa harufu ambayo sijaipata tena kwenye chombo chochote. Tukimaliza, mbuzi walikula sahani nasi tukajilaza. Miaka ile sabuni ilikuwa adimu, hata majirani wenye vyombo vyao walimwonea Jaja wivu.

Mimi nilimwonea haya. Wenzangu shuleni walinitania kwamba kwetu tunagombania majani na mbuzi, na mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi, Jaja alikuwa amemwalika mwalimu wangu. Nilikosa usingizi.

Chini ya kitanda cha Jaja kulikuwa na sanduku la sahani nyeupe zenye maua ya buluu. Lilikuwa la jirani yetu Muhindi, mama wa duka la vitambaa, aliyelileta wiki ambayo Wahindi waliamriwa kuondoka nchini. Alilisukuma mlangoni huku akilia. "Niwekee tu, Jaja. Iko siku mimi narudi." Jaja hakuwahi kulifungua. Alifuta vumbi kwenye mfuniko kila Ijumaa, basi.

Siku ya Idi, Jaja akiwa uani anababua majani, nilifungua lile sanduku. Niliosha sahani, nikazipanga mkekani, na wageni walipoketi nikapakua kama mama mwenye nyumba. Jaja alipoingia na majani mikononi, mwalimu alikuwa ameshatia tonge la kwanza mdomoni. Unamnyang'anyaje mgeni chakula? Aliyaweka majani pembeni, akanitazama mara moja, akawakaribisha wageni kula.

Alikuwepo askari mmoja wa mtaani, ambaye hakuna aliyethubutu kutomwalika. Alipomaliza kula aliigeuza sahani yake, akaikagua chini. Mali waliyoiacha Wahindi ilikuwa imetangazwa kuwa ya serikali, na kuificha kulikuwa kosa.

"Hii sahani ya Muhindi hii. Nani ametoa?"

Sijafumbua mdomo, Jaja akajibu, "Mimi. Ni amana ya mtu."

Kesho yake walikuja na gari, wakachukua sanduku na wakamchukua Jaja. Walimwachia siku ya tatu, mchana, akarudi bila viatu, jino moja la mbele halipo. Hakunigombeza. Afadhali angenichapa! Alichokisema, na alikisema mpaka anakufa, ni hiki tu: "Yule mama akirudi, nitamwambia nini?"

Alirudi, Jaja akiwa kaburini miaka mingi. Migomba ilikuwa imeshang'olewa, pamejengwa nyumba za kupangisha. Nilimpokea barazani, bibi kizee mwenye fimbo, nikampa chai. Nikamweleza kwamba askari walizichukua sahani zake. Akatikisa kichwa, akasema askari walichukua kila kitu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Lakini wao walijuaje? Nani aliziweka nje?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, na hapakuwa na askari wa kuogopa tena. Nikajibu, "Jaja."

Akaweka kikombe chini. "Sikumdhania," akasema.

Nikamsindikiza mpaka kwenye teksi, nikamshikia mkoba, nikafunga mlango taratibu, na bado sikusema.

Migomba ya Kyebando imekwisha, na wanaojua kulibabua jani lisipasuke wamebaki wachache. Hayo mimi huwasimulia watoto bila taabu, nao hucheka. Hili la sanduku sijawahi kulisimulia. Yule mama naye nimesikia ameshafariki, na hakuna tena mtu ninayeweza kumwendea nikamwambia kwamba aliyezitoa ni mimi.