Anapunguza nyumba za watu, lakini kwanza anageuza sufuria

Saa mbili asubuhi, Jumatano, umande haujakauka kwenye nyasi za boma la Mama Joy, hatua chache kutoka soko la Myanga. Nanyama Wekoye anatoka mlangoni akiwa amekumbatia sufuria tano zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Anaziweka chini, anazitenganisha, kisha anaigeuza kila moja kifudifudi na kuisugua kitako kwa ncha ya leso yake.

“Nukta mbili nyekundu,” anasema. “Hii si ya hapa.”

Kufikia saa nne, nyasi zimejaa. Sufuria, masinia, makarai na birika zaidi ya thelathini zimelala kifudifudi zikianika alama zake: nukta za rangi ya kucha, herufi zilizokwaruzwa kwa msumari, tone la rangi iliyobaki mtu alipopaka mlango wake. Anayeishi upande huu hahitaji kuelezwa. Matanga au harusi ikifika, vyombo huazimwa kutoka kila jikoni, na kila mwanamke huweka alama yake ili chake kisipotee.

Hivi vilipotea kwa miaka sita.

Nanyama ana umri wa miaka 43. Alizaliwa Tongaren, lakini siku hizi anaishi mtaa wa Tuwani mjini Kitale. Kazi yake ni kuingia katika nyumba zilizojaa hadi mlango haufunguki sawasawa, na kuzipunguza mpaka wenyewe wapumue. Kutoka Kitale hadi Bungoma wamembandika jina la Mama Punguza, naye analijibu haraka kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Kabla ya hapo alikuwa akifulia watu nguo.

“Kulikuwa na koti moja nilikuwa nalifua kila Desemba,” anasimulia. “Nafua, naanika, linarudi chini ya kitanda. Miaka mitano. Siku moja nikauliza, mama, hili koti ni la nani? Akaniambia hajui.”

Koti likapata mvaaji, na mama yule akamwita tena kwa ajili ya kabati, kisha akamtuma kwa dada yake. Leo Nanyama hulipwa shilingi elfu mbili kwa siku, na kwa kawaida mwenye nyumba humwachia vitu asivyovitaka avipeleke sokoni. Mwezi mzuri hupata nyumba nane. Mwezi mbaya, mbili, na hapo hurudi kufua.

Ameona mengi, na ukimpa chai atakusimulia bila kutaja jina la mtu. Ameona magunia ya mahindi yakilala sebuleni kando ya televisheni, na wenye nyumba wakila jikoni.

“Unapata mtu ako na chupa za chai kumi na moja, zote za harusi, na anakunywa kwa ile imepasuka kifuniko. Ukimuuliza, ati hizo ni za wageni. Wageni gani hao, bana? Hata mahali pa kukaa hakuna.”

Tabia ya kugeuza vyombo aliipata kwa uchungu. Miaka minne iliyopita, katika eneo la Kwanza, mteja alimwambia atoe kila kitu kilichokuwa stoo. Akatoa. Sufuria moja kubwa, nyeusi kwa moshi, akampa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Jioni hiyo shemeji wa mteja akafika akihema: sufuria ilikuwa yake, iliazimwa wakati wa tohara, na ndiyo iliyopikia kila sherehe ya ukoo. Walipomfikia mnunuzi, ilikuwa imeshapondwa bapa.

Wanawake wale wawili hawakusemezana hadi Krismasi.

“Nilikuwa nimeitwa kupunguza vitu,” anasema Nanyama, “nikapunguza watu.”

Ndiyo maana wiki hii, huku Myanga, nusura akose kazi.

Aliyemwita ni Rosaline, karani mstaafu ambaye hapa kila mtu anamjua kama Mama Joy. Mumewe, Levi, alizikwa miaka sita iliyopita. Baada ya mazishi wanawake waliosha vyombo na kuvipanga katika chumba kidogo, kila mtu aje achukue chake. Lakini Rosaline alijifungia ndani kwa miezi, na hakuna aliyethubutu kubisha.

“Nilikuwa nasema nitapeleka kesho,” anasema. “Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Sasa utaenda na uso gani?”

Aibu ikamfukuza taratibu. Aliacha chama cha wanawake. Akaanza kwenda sokoni kwa njia ya nyuma. Watani wa sokoni, ambao hawakosi, wakasema Mama Joy amefungua duka la vyombo.

Sasa binti yake wa pekee anaolewa. Jumamosi hii wageni arobaini wanakuja kutoka Kitale kuzungumzia mahari, na hakuna mtu anayepokea wakwe arobaini kwa mikono yake miwili. Joy alipendekeza wapishi wa kukodisha kutoka Bungoma mjini. Mama alikaribia kukubali, ingawa alijua kitakachosemwa: kwamba boma hilo halina jirani hata mmoja wa kusonga ugali.

Kwa hiyo Jumanne jioni alimpa Nanyama agizo moja. Vyombo vyote vipakiwe, viondoke kwenda Kitale kabla watu hawajaamka. Nanyama angeviuza. Akakataa.

“Akaniambia basi niende, atapata mwingine,” Nanyama anasema, na Mama Joy, aliyesimama karibu, anakubali kwa kichwa. “Nikakaa hapo kwa ngazi. Nikamwambia, Mama Joy, hizi nikibeba, Jumamosi utapika na nani?”

Mama Joy aliingia ndani hadi chai ikapoa. Kisha akatoka na kumwonyesha mahali pa kulala.

Leo, baada ya alama zote kusomwa, Mama Joy anajifunga leso kiunoni na kuuliza wilbaro iko wapi.

Wanaanzia kwa Khadijo, karibu na msikiti. Khadijo anapokea masinia yake mawili kana kwamba yaliazimwa jana, anamuuliza habari za Joy na kuwapa papai la njiani. Nyumba inayofuata, mwenye birika alishafariki, na mkaza mwanawe anasema hana haja nayo. Nyingine wanacheka tu. Saa nane inabaki sufuria moja tu ya kurudishwa kwa mwenyewe, ile kubwa ya nukta mbili nyekundu.

Hiyo ni ya Phelista, ambaye ua wake na wa Mama Joy ni mmoja. Walikuwa marafiki wa kuazimana chumvi. Hawajasalimiana kwa miaka sita.

Mama Joy anasimama langoni. Nanyama ananyoosha mkono ashike wilbaro, lakini mwenzake anaisukuma mwenyewe.

Phelista anapukuchua mahindi, na hainuki. Anaitazama sufuria, anaigeuza, anagusa zile nukta kwa kidole.

“Hii rangi niliibia msichana wangu,” anasema. “Alinipigia kelele wiki nzima.”

Mama Joy anaomba msamaha kwa sauti isiyofika mbali.

“Mimi nilingoja useme hata neno moja,” Phelista anamjibu. “Utaenda aje kwa mtu amefiwa umwambie nipe sufuria yangu?”

Kisha Phelista anainyanyua sufuria na kuirudisha ndani ya wilbaro.

“Si nasikia Jumamosi mko na wageni? Sasa unaniletea ikae hapa ifanye nini? Rudi nayo. Na utafute mwiko wa maana, ule wako ulikuwa mfupi.”

Saa kumi jioni, Mama Joy, Phelista na Khadijo wameketi jikoni wakibishana kuhusu idadi ya kuku. Nanyama anaendelea na kazi yake: kalenda za miaka iliyopita, mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, viatu visivyo na wenzao. Chumba kidogo kimebaki na dirisha lake tu.

Vyombo vinne, ikiwemo ile birika ya marehemu, vimekosa mwenyewe. Hivyo ataondoka navyo. Chumbani kwake Tuwani ana vingine kama sitini, vya nyumba mbalimbali, na hataki kuviuza. Ifikapo Desemba anatarajia kukodi kibanda karibu na soko la Kitale ili kila familia yenye matanga iazime bure.

Ameshachagua alama yake. Anatoa kichupa cha rangi ya kijani mkobani, anachora mstari kwenye kitako cha birika na kuupuliza ukauke. Haogopi kwamba havitarudi?

“Visirudi viende wapi?” anauliza. “Siku moja hizo nyumba zitajaa, na si ni mimi wataniita.”