Mapacha wa Makongeni

Opiyo alimtangulia dada yake, Adongo, kuzaliwa kwa dakika ishirini. Mapacha hao waliishi mtaa wa Makongeni na mama yao, Truphena, muuza samaki wa kukaanga katika soko la Muthurwa. Walisoma darasa moja, wakapata gredi moja, na mwaka jana wakaomba pamoja kujiunga na chuo kikuu cha kibinafsi huko Japani. Opiyo ndiye aliyepakia vyeti vyote mtandaoni. Adongo alisahihisha insha zote mbili.

Majibu yalifika Jumanne asubuhi. Adongo aliitwa kwa mahojiano ya video. Opiyo alishukuriwa kwa kuomba, basi.

"Uliandika nini ambacho mimi sikuandika?" Opiyo aliuliza.

"Sijui. Tutajaribu tena ombi lako mwaka ujao."

"Unanihurumia?"

Akainyakua laptopu waliyotumia wote wawili na kuibamiza ukutani. Adongo akamrukia kuiokoa. Opiyo akamsukuma juu ya meza, akachukua pasi na kumpiga nayo mkono wa kulia, mara mbili. Mfupa ukalia. Adongo akamng'ata bega mpaka damu ikamjaa mdomoni, lakini hakuachiliwa. Pigo la tatu lilimpasua juu ya jicho. Seremala Makokha, jirani yao, ndiye aliyevunja mlango na kumlaza Opiyo kifudifudi huku bado akipiga mateke.

Mahojiano yalikuwa kesho yake saa nne. Adongo aliyafanya kwa simu ya Makokha, mkono ukiwa kwenye plasta, jicho moja limefumba. Profesa aliyemhoji alisogea karibu na kamera alipomwona.

"Tunaweza kuahirisha," alisema.

"Hapana. Niulize tu."

"Nani amekuumiza?"

"Pacha wangu. Aliomba kwenu pia, mkamkataa." Kisha, bila kutarajia, akajisikia akiongeza, "Kwa hesabu, ananishinda."

Polisi walikuwa wamemchukua Opiyo. Truphena alimsihi bintiye usiku na mchana.

"Ondoa hiyo kesi, mwanangu. Mlitoka tumbo moja."

"Je, angeniua, mama? Ungemwomba nani?"

Truphena akajifunika uso kwa leso.

Katika mahakama ya Makadara, Opiyo alikana mashtaka. Siku ya kusikilizwa, Adongo alijaribu kumwonyesha hakimu jinsi anavyoshika kalamu. Ikamponyoka vidoleni, mara ya kwanza, mara ya pili. Opiyo akasimama kizimbani kabla ya kuulizwa chochote.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka asiende."

Akafungwa miaka miwili.

Chuo kilimkubali Adongo. Wiki ya kusafiri, alikwenda gerezani kumwona nduguye. Opiyo alikuwa amekonda, na alishindwa kuutazama mkono wa dada yake.

"Nisamehe, Adongo."

"Bado siwezi."

"Utaniandikia?"

"Sijui, Opiyo. Kuandika kwenyewe najifunza upya, kwa mkono wa kushoto."

Aliinuka kabla muda wa wageni haujaisha. Nje ya lango alilia kwa sauti, watu wakimpita, kisha akajipangusa na kuelekea nyumbani kumsaidia mama yake kufunga sanduku.