Sala Zilizosikika Uani

Concilie alikuwa na sauti ambayo wenzake wa soko la ndagala, wale dagaa wa ziwani, walisema ingeweza kumwita mvuvi akiwa katikati ya Ziwa Tanganyika, naye akageuza mtumbwi. Kanisani walimpenda kwa ajili ya sauti hiyo. Umeme ukikatika wakati wa ibada, yeye aliendelea na wimbo, na hakuna aliyejua kama kipaza sauti kimezimika. Nyumbani, sauti hiyohiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Nyumbani penyewe palikuwa vyumba viwili vya kupanga mtaani Buyenzi, ndani ya ua wa Zubeda, mama wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulikuwa hapo tangu enzi za babu. Concilie, mume wake Astère, binti yao Joëlla na mama mkwe wake Pascaline waliingia uani humo mwaka 1995, mtaa wao wa Kinama ulipokimbiwa na watu kwa sababu ya vita. Walikuja na godoro moja, sufuria mbili na nguo walizovaa. Zubeda aliwapokea bila maswali mengi.

Mwaka uliofuata vikaja vikwazo. Nchi jirani zilifunga mipaka, meli za Kigoma zikaacha kuja, na Astère, mpakuzi wa mizigo bandarini, akabaki na mabega yasiyo na gunia. Mwanamume aliyezoea kubeba saruji tangu asubuhi sasa alishinda kwenye kiti kimoja, na jua likianza kushuka alipotelea kilabuni, kwenye pombe ya ndizi. Pascaline naye, tangu aache shamba lake, jicho lake lote alilihamishia jikoni kwa mkamwana wake. Sombe ya majani ya muhogo imezidi maji. Maharage bado. Mtoto anakohoa, nani kamwogesha na maji ya baridi?

Concilie alikuwa ameokoka, na aliyeokoka hagombani na mama mkwe. Alingoja asubuhi. Kulipopambazuka alipiga magoti kando ya pazia lililotenga vyumba, akafumba macho, akayasema yote.

"Bwana, umkumbuke Astère, aliyegonga mlango wa jirani jana akidhani ni wetu. Umpe roho ya aibu, Bwana. Umkumbuke na mama yetu, ambaye chakula unachotupa wewe mwenyewe anakitia kasoro."

Upande wa pili wa pazia Pascaline, Mkatoliki tangu utoto, alishika rozari yake na kuanza Salamu Maria kwa sauti ya kushindana. Joëlla alijifunika shuka gubigubi. Astère alitoka kwenda kunawa uso, na kunawa huko kulimchukua muda mrefu kuliko kunavyomchukua mtu yeyote.

Siku moja waligombea chumvi. Chumvi ilikuwa adimu siku hizo, na Pascaline alikuwa ameitia mara ya pili kwenye sufuria ambayo Concilie alikwisha kuitia chumvi. Kesho yake alfajiri Concilie aliomba kwa moto kuliko siku zote. "Bwana, ung'oe mwiba ulio ndani ya nyumba hii. Uung'oe, na sisi tupumue." Kisha akajitwisha beseni la ndagala akaenda sokoni, moyo mweupe, kama mtu aliyemaliza kufua nguo zake zote. Hata hakutambua kwamba asubuhi ile rozari haikusikika.

Adhuhuri alimwona Zubeda akija kati ya meza za wauzaji, na Zubeda hakuwa mtu wa kutembea juani.

"Mama Joëlla, bibi ameondoka. Amefunga kitenge, ameshika jembe, anasema anarudi kwake Kinama."

"Kinama? Kule hakuna mutu. Astère yuko wapi?"

"Alienda kutafuta kibarua, nimemutuma kijana wangu Amjad amutafute. Mi nilimuzuia bibi, akakataa. Akasema, 'Mwiba umeng'oka wenyewe, waache wapumue.'"

Concilie alikaa juu ya ndoo. "Mi sikutaja jina lake."

"Apana, hukutaja." Zubeda alimwekea mkono begani. "Tunakaa ua mumoja, usinichukie kwa neno hili. Mungu si kiziwi. Ukinong'ona, anasikia. Sasa ile sauti yote ya asubuhi, unamusemesha nani?"

Concilie alimwachia Zubeda beseni, akafunga kitambaa chake vizuri, akashika njia ya kaskazini.

Njiani alijaribu kuomba. "Bwana, umwone Pascaline alivyo mkaidi," alianza, kisha akanyamaza. Akaanza upya: "Bwana, wewe unajua nilivyomvumilia." Akanyamaza tena. Kila sala aliyoigusa ilikuwa na mashtaka ndani yake, kama mchele wenye mawe. Alipofika kwenye kizuizi cha askari alikuwa amebaki na maneno mawili tu, "Bwana, nimpate," na hayo aliyasema kwa sauti ndogo hadi Kinama.

Kinama ilikuwa kimya. Mabati yalikuwa yameng'olewa, majani yamepanda hadi madirishani. Nyuma ya nyumba yao isiyo na paa, Pascaline alikuwa ameinama akichimba mateke, yale magimbi yake ya zamani, ambayo hayakujua kwamba kuna vita.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kukuchukua, Mama."

"Mi niko kwangu."

"Hapa hakuna paa, Mama."

"Hata kelele hakuna."

Concilie alipiga magoti pale, lakini si kwa kuomba. Aliingiza mikono udongoni akaanza kuyavuta mateke yaliyokwisha kulegezwa na jembe. Walifanya kazi, mmoja akichimba, mwingine akipangusa.

"Mama," alisema mwishowe, "ile ya leo asubuhi haikuwa sala. Nilikuwa nakusemesha wewe, Mungu nikamufanya ukuta wa kujificha. Na si leo peke yake. Unisamehe."

Pascaline alisimamisha jembe. Alimtazama mkamwana wake mwenye matope hadi viwikoni, kisha akatazama pembeni.

"Na mimi zile Salamu Maria, nyingine nilikuwa naziruka," alisema. "Nilitaka tu nikushinde sauti."

Concilie aliangua kicheko kabla ya kujizuia, na yule mama akacheka pia, kidogo, kwa pua. Kisha uso wake ukabadilika.

"Pale kwa Zubeda, sufuria ni yako, mutoto ni wako, soko ni lako. Hapa nilikuwa na shamba. Mi nimebaki na mudomo tu."

Concilie hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Kwa miezi yote ile alikuwa amemwona mama mkwe wake kama mzigo uliokuja na familia. Hakuwa amemwona kama mtu aliyenyang'anywa.

"Kuanzia leo chumvi ni yako," alisema. "Mi sitaigusa."

Mlio wa bunduki ulisikika mbali, upande wa vilima, kisha mwingine. Walifunga mateke ndani ya kitenge, wakatoka upesi. Kwenye kizuizi askari kijana aliwasimamisha, akauliza yule mwanamke mwenye matope ni nani.

"Ni muke wa mutoto wangu," Pascaline alimjibu. "Anasema sana, lakini ni mutu muzuri."

Askari alitabasamu, akawaruhusu wapite.

Hawajafika mbali, walimwona Astère akija mbio, shati limelowa. Kama alikuwa amekunywa, hofu ilikuwa imemkausha. Aliwatazama wote wawili, mama yake na mkewe. Alichukua mzigo wa mateke, akauweka begani palepale palipozoea magunia, akatangulia mbele.

Kesho yake Concilie alipiga magoti mahali pake pa siku zote. Maneno yalikuwa machache, nayo aliyasema kimya. Baada ya muda pazia lilifunuliwa.

"Mama Joëlla, we mugonjwa?" Astère aliuliza.

"Apana. Naomba."

Astère alisimama, akajikuna shingo. "Na mimi nimo?"

"Umo."

"Unasema nini juu yangu?"

"Hiyo si yako," alisema Concilie, na Astère akaenda kunawa, akarudi mara moja.

Hakuacha pombe siku ile, wala mwezi ule. Aliipunguza meli ziliporudi, na mchungaji alipomsifu Concilie kwa maombi yake, Concilie alisema labda ni meli. Pascaline alipanda mateke kando ya bomba la maji la Zubeda, akayatawala kama nchi yake. Yeye na mkamwana wake waliendelea kukosana juu ya sombe na juu ya Joëlla, lakini sasa walikosana ana kwa ana, mchana, wakimaliza wakapika. Chumvi mara nyingi ilizidi. Concilie aliila hivyohivyo.