Nyuso Nilizochora Peke Yangu

Niliacha kufundisha Bukoba mjini nilipopewa kazi ya kuchora picha za vitabu vya kisomo cha watu wazima. Chumba changu cha Bilele, pale mjini, kilikuwa na kelele, nikahamia kijijini Kishanda, katika nyumba aliyoiacha bibi yangu ndani ya kibanja cha migomba na mibuni. Nilitaka ukimya, na niliupata.

Mwanzoni niliufurahia. Nilichora tangu asubuhi, nikala matoke yaliyopoa, nikachora tena. Baadaye nilianza kuongea na sufuria. Jumapili moja nilifungua mdomo kanisani niimbe, sauti ikakwama. Wiki nzima sikuwa nimemsalimia mtu.

Nilipopeleka picha mjini, ofisa wa elimu alizitazama moja moja. Kisha akauliza, "Mwalimu, hawa wanawake ni ndugu?"

Niliziangalia upya. Anayelima, aliyebeba mtoto kliniki, anayesoma barua: wote walikuwa na uso mmoja, nao ulikuwa wangu. Kule nyumbani sikuwa na uso mwingine wa kutazama ila ule wa kwenye kioo.

Nilirudi na picha zile ili nizichore upya, nimefadhaika. Jirani yangu, mjane wa makamo, alinikuta nimekaa nje. Nilipomweleza, hakunipa pole.

"Kesho twende shamba la ujamaa," alisema. "Huko nyuso ziko nyingi."

"Sijui kulima vizuri, mama."

"Hata wengine hawajui."

Nikawa nalima nao asubuhi. Wakati wa kupumzika tulitafuna punje za kahawa kavu, kama ilivyo desturi ya kwetu, nami niliwatazama: mwenye pengo aliyefunika mdomo akicheka, msichana aliyekunja uso hata akifurahi. Mchana nilifunga mlango nikachora. Upweke ule ule ulionilemea sasa niliuhitaji. Nilitembea haraka kuurudia. Jioni ulipoanza tena kunibana, nilikwenda kwa jirani tukamenya ndizi pamoja, mara nyingi bila kusema neno.

Vitabu vilipofika katika darasa letu la kisomo kijijini, jirani alifungua chake, akatulia kwenye ukurasa mmoja.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ndiyo, mama. Umechukia?"

"Hapana. Ila shingo yangu si ndefu hivi."

Akaweka kidole chini ya picha, akaanza kulisoma neno lililoandikwa pale, silabi moja moja, kwa sauti.