Taco za Mchuzi wa Nazi

Kach! Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa natoka stesheni ya Granville juma lililopita, nimeinamisha kichwa kwa sababu ya upepo, na mtu nyuma yangu akauma kitu kikavu. Sikugeuka. Papo hapo nikawa na miaka tisa, nimesimama jikoni kwetu Guildford, huku huku ughaibuni.

Miaka ile, ndugu yangu, taco ndiyo ilikuwa karamu ya kila mtoto darasani. Ziliuzwa kwenye boksi la njano: vimikate vya mahindi vilivyokunjwa katikati, vikavu kama kaukau, na pakiti ya viungo. Nilimsumbua mama mpaka akaninunulia kwa siku yangu ya kuzaliwa. Kisha akaenda zamu hospitalini, jiko akamwachia bibi, aliyetoka Tanga kututembelea kwa miezi mitatu. Kesho yake asubuhi bibi alikuwa anarudi Tanga. Mimi nilitaka jambo moja tu: rafiki yangu wa darasani aone kwamba kwetu tunakula kama kwao.

Lakini kwa bibi, mkate mkavu ni mkate uliolala, na mkate uliolala hautupwi, hulowekwa. Tulipotoka shule tulikuta sinia mezani, taco zote zimezama kwenye mchuzi wa nazi, laini, zinanukia bizari na ndimu.

"Karibuni, wanangu. Wamewauzia mikate ya juzi, lakini nimeiokoa."

"Hii ni supu?" rafiki yangu akaniuliza kwa Kiingereza.

Mimi niliyezoea kumjibu bibi kwa Kiingereza, siku hiyo nilitafuta neno la Kiswahili, ili limfike.

"Umeniharibia kila kitu!"

Jirani yetu, mama wa Kimeksiko, alikuwa ameingia kumuaga bibi. Akaonja, akafumba macho.

"Kwetu tunaziloweka hivi hivi, kwenye mchuzi wa pilipili," alisema. "Wamarekani ndio waliozipenda kavu. Dukani zinakaangwa mapema, zinapangwa, mteja hangoji. Ndivyo zilivyoenea kwao, mpaka zikafika huku."

Rafiki yangu akaomba ya pili. Hata mimi nilitamani, harufu ile! Lakini nilikuwa nimeshanuna, na kununa kuna heshima yake.

"Mke mwenzangu kasusa," bibi akacheka, akichukua taco yangu. "Haya, nitamla mumeo peke yangu."

Jirani alihama, nyumba ile ikavunjwa, na bibi amelala makaburini Tanga. Taco nimekula nyingi, kavu na laini. Hakuna aliyezitia nazi.

Asubuhi ile ya safari yake, bibi alisimama kando ya kitanda changu, akaniita mara mbili, taratibu. Nilijua neno la kusema, nililijua hata kwa Kiswahili. Nikafumba macho, nikajifanya usingizini. Akanifunika shuka mpaka mabegani. Nikasikia sanduku likiburutwa ukumbini, mama akisema teksi imefika, kisha mlango ukafungwa.